Dume aliyekataa mahindi

Nilikuwa na miaka 15 bibi aliponikabidhi bata bukini 7 niwanenepeshe. Kuku nilishawazoea, nikadhani kazi ni ileile: mwaga chakula, funga banda, subiri siku.

Hadi hapo walikuwa wameishi kwa majani kwa miezi mitano. Bukini huchunga kama mbuzi. Mdomo wake una kingo za msumeno, hukata nyasi changa karibu kabisa na ardhi, na zile ndefu zilizokomaa huzipita tu. Nafaka waliipata jioni, kiganja kimoja kimoja, ili wasisahau njia ya kurudi. Bibi alisema mwili wa bukini hujengwa na majani, mahindi huja mwishoni kuweka mafuta, wiki tatu au nne tu kabla ya kuchinja.

Nilianza na dume mkubwa. Nilimning'iniza kwenye mizani: kilo 5.2. Nikamfungia peke yake kwenye kibanda chembamba asipoteze nguvu kwa kutembea, wala wenzake wasimnyang'anye. Mahindi nilimjazia mpaka yakamwagika.

Alilia usiku kucha. Aliita, wenzake wakamjibu kutoka nje, akaita tena. Siku ya tatu mahindi yalikuwa palepale, yamechafuka kwa kinyesi, naye amesimama amebana shingo kwenye fito za upande waliokuwa wenzake. Siku ya tano nilimpima tena: kilo 4.7. Nilipopitisha kiganja kifuani, mfupa wa kidari ulikuwa umechongoka. Niliogopa kumwambia bibi, lakini sauti ile ilikuwa imeshamfikia.

"Umemtenga na nani?"

"Na wote, bibi. Ili ashibe."

"Mjukuu wangu, huyu hawezi kula peke yake. Hula akimwona mwenzake anakula."

Akaniamuru nipanue kibanda, nimwingizie majike wawili. Kisha akatazama maji. Nilikuwa nimeweka sahani. Akaniletea ndoo yenye kina, kwa sababu bukini lazima azamishe kichwa chote asafishe pua na macho. Chakula kikavu bila maji ya kutosha humkaba. Akaongeza konzi ya changarawe, maana hana meno, na firigisi ndiyo inayomsagia nafaka. Mahindi yangu aliyanusa, akayamwaga yote. Yalikuwa yameanza kuota ukungu, na sumu ya ukungu huharibu ini la bata upesi sana. Hili la ukungu bado linaniuma nikiona mtu anawapa ndege mabaki ya ghala.

Jike mmoja alichovya kichwa, akakitikisa, matone yakaruka hadi usoni kwangu. Dume akatazama. Akachovya naye. Kisha akachukua punje moja, akaiangusha, akaichukua tena, na hapo nikaona shingo yake ikicheza akimeza. Nilikaa pale nimechuchumaa mpaka giza likaingia.

Tangu siku ile niliwalisha mara tatu kwa siku mahindi yaliyolowekwa usiku, pamoja na pumba kidogo, na asubuhi nikawapa fungu la majani mabichi. Bibi alinifundisha kupima kwa vidole: unashika ngozi chini ya bawa, na ukipata mkunjo mnene, laini, unaoteleza, mafuta yamekaa. Alipuliza pia manyoya ya kifuani kuangalia kama kuna yanayochipua. Ukichinja wakati huo, utanyonyoa hadi jioni na ngozi itabaki na vishina vyeusi.

Baada ya wiki tatu na siku kadhaa, mkunjo ulijaa vidole vyangu. Chakula kiliondolewa jioni, muda wa saa 12 kabla ya kuchinja, maji yakabaki. Nilimwomba bibi majike wale wasitolewe usiku ule. Alikubali bila kuuliza. Dume hakulia hata mara moja.

Asubuhi mizani ilisoma kilo 6.1. Tulipompasua, mafuta ya tumboni yalikuwa ya manjano hafifu, laini kiasi cha kuyeyuka mkononi, na bibi aliyakusanya yote kwenye sufuria kwa kikwangulio bila kuacha tone.

Majike niliwafungulia waende kwa wenzao. Hawakwenda. Walizunguka kibanda siku mbili wakiita, nami nikawa nawapelekea majani palepale walipo.