Bunduki ya upepo, shabaha, na hii mambo ya forodha

Swali ambalo naulizwa sana na watu wanaotaka kuanza kulenga shabaha hapa Nairobi ni hili: bunduki ya upepo ya mashindano si unaagiza tu ng'ambo iletwe, vile ungeagiza raketi ya tenisi? Jibu ni hapana, na naliweka hapa juu kabisa kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii akiwa ashajaza namba za kadi yake kwenye duka la mtandaoni la Ujerumani na amebakisha kubonyeza tu. Usibonyeze. Tafuta kibali kwanza, pesa itoke baadaye.

Sasa wacha nieleze kwa nini watu wanachanganyikiwa, maana si ujinga wao. Bunduki tunayoongelea ni ile ya mita 10, mchezo ambao umekuwa kwenye Olimpiki tangu Los Angeles 1984. Haina baruti. Inasukuma kirisasi cha milimita 4.5 kwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda, nguvu yake inacheza kwa jouli (kipimo cha nishati) 7 na kitu, na ile alama ya kumi unayolenga ni kidoti cha nusu milimita. Nusu milimita! Mtu anasimama na bunduki ya karibu kilo tano, anatuliza pumzi, anapiga mara 60 ndani ya saa moja na robo, na mkono ukitikisika kidogo tu ashapoteza. Abhinav Bindra aliipatia India dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ya mtu binafsi kwa mchezo huu, Beijing 2008. Mtoto wa Kayole ama wa Githurai ana macho, ana utulivu, ana bidii, kitu hana ni bunduki ya kufanyia mazoezi, na hiyo bunduki haitengenezwi hapa, lazima itoke nje, na ikitoka nje lazima ipite forodha.

Na forodha haiangalii mchezo, inaangalia kitabu. Kile kitabu cha kuainisha bidhaa ambacho karibu dunia nzima inatumia, sisi Afrika Mashariki pia, kina sura ya 93 ya silaha na sura ya 95 ya vitu vya kuchezea na vya michezo. Pinde na mishale ziko 95. Panga za mchezo wa fensingi ziko 95. Bunduki ya upepo iko 93, namba 9304, imewekwa fungu moja na virungu. Vile virisasi vyake vidogo viko 9306, jirani na risasi za shotgun. Kwa hivyo upinde wa mashindano, ambao mshale wake unaweza kumtoboa mtu kabisa, kwa makaratasi ni kifaa cha michezo, halafu bunduki ya kutoboa karatasi mita 10 ni silaha. Mimi sisemi bunduki ya upepo haiwezi kuumiza, inaweza, hata jicho inatoa, na ndio maana kwenye renji, yaani uwanja wa kulengea, tuko strikti kuliko watu wanavyofikiria. Nasema tu mtu wa kawaida hawezi kukisia mpangilio kama huo kwa akili yake, lazima aambiwe.

Ukishakuwa sura ya 93 basi mambo yanafuatana yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 ina orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku na orodha nyingine ya bidhaa zenye masharti, na silaha za sura ya 93 ziko kwa hiyo ya masharti. Tofauti hapo ni kubwa sana na watu huiruka. Marufuku ni marufuku, lakini masharti maana yake zinaingia ukiwa na kibali. Na kibali chenyewe hakitoki KRA, mamlaka ya mapato inayosimamia forodha, kinatoka upande wa Sheria ya Silaha, sura ya 114 ya sheria za Kenya, kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Hiyo sheria ukisoma vile inaeleza silaha inaanza na chombo chochote chenye mtutu kinachoweza kuua kwa kurusha risasi ama kitu kingine, haiulizi kama kinachosukuma ni baruti ama hewa, na kwa maelezo hayo huoni popote mstari wa jouli, yaani kiwango cha nguvu ambacho chini yake haihesabiwi silaha. Tena inabeba na sehemu muhimu za silaha, inabeba na kile kifaa cha kupunguza mlio. Kwa hivyo yule jamaa aliyeniambia ataleta mtutu leo, kitako mwezi ujao, ataunganisha nyumbani South B, huo mpango aachane nao kabisa.

Mahali mimi naumia ni pale katikati, kati ya kitabu na kaunta. Unauliza ejenti wa kuklia mizigo, anakwambia hiyo ni toi, yaani kitu cha kuchezea, lete tu nitaongea na watu. Unauliza mwenzake barabara ileile, anakwambia usithubutu, utalala ndani. Muuzaji ng'ambo anakwambia kwao haina shida, na kwao kweli huenda haina, lakini mzigo hauji kwao unakuja kwetu. Kuna mahali nilienda wakaniambia nilete karatasi za mzigo ndio waangalie kama nahitaji kibali, nikaenda kwingine wakaniambia mzigo usiondoke huko bila kibali, sasa karatasi za mzigo ambao haujaondoka nitazitoa wapi? Kitu kilichonisaidia ni kumwomba muuzaji profoma invoisi, yaani bei na maelezo kabla ya kulipa chochote, yenye jina la mtengenezaji, modeli, kipenyo, namba ya bunduki na nguvu yake kwa jouli, halafu barua ya klabu yetu ya shabaha ikiwa juu. Hapo angalau ofisa ana kitu mbele yake cha kusoma, si wewe kumweleza kwa mikono.

Na hiyo mambo ya kuandika toi kwenye makaratasi ya forodha, tafadhali. Toi ziko 9503, skana ya mizigo itaonyesha mtutu wa chuma, na siku hiyo hautakuwa tena mwanamichezo aliyekosa karatasi, utakuwa mtu aliyedanganya forodha na kuingiza silaha bila kibali, makosa mawili tofauti kwa sheria mbili tofauti. Ejenti aliyekushauri hatakuwepo. Zile kampuni za kukusanya mizigo ya Dubai na London pia usiwafichie ndani ya sanduku la nguo, unawaingiza watu wengi kwenye matatizo na mizigo yao pia inakwama.

Kodi sitakaa sana hapo. Jua tu thamani wanayopigia hesabu si bei ya bunduki peke yake, kuna gharama zingine zinazoongezwa kama bima, halafu ushuru, kisha VAT ya 16% inakaa juu ya hiyo jumla yenye ushuru tayari, na ada zingine ndogondogo. Bunduki ya kiwango cha juu inapita euro 2,000 kabla haijapanda ndege. Silinda isafiri tupu, na uiulize kampuni ya ndege mapema, wengine hawaibebi hata ikiwa tupu.

Nchi zingine zimechora mstari. Uingereza na Wales bunduki ya upepo isiyopita kama jouli 16 mtu mzima anamiliki bila leseni, Ujerumani mstari ni jouli 7.5 na bunduki inagongwa alama ya herufi F. Scotland nao wakaamua kinyume, tangu mwisho wa 2016 lazima uwe na cheti. Mimi hata ule wa Scotland ningeupokea kwa mikono miwili, sababu ni mgumu lakini unaeleweka, unajua uende wapi na ubebe nini.

Sisi pale klabu tunaandika barua na tunaomba vitu viwili tu. Kwanza, klabu iliyosajiliwa na yenye renji iliyokaguliwa iweze kuomba kibali cha bunduki za mita 10 kwa jina la klabu, zikae kwa kabati la chuma la klabu, zisiende nyumbani kwa mtu, maana watoto tunaowafundisha hawawezi kuwa na leseni na wala hatutaki wawe nazo. Pili, karatasi moja, ukurasa mmoja, iandikwe nani anaanza na nani anafuata, forodha na watu wa leseni wote waweke sahihi, ibandikwe pale kaunta. Barua ikienda nitasema. Tukijibiwa nitaweka jibu hapa neno kwa neno, na likiwa ni hapana pia nitaliweka.