Nilivyokusanya mizinga ya pwani bila kubeba hata mmoja

Mzinga wa kwanza (wa vita, si wa nyuki) nilioweza kuusoma mwenyewe ulinichukua jioni tatu. Ulikua umelala nyuma ya ukuta flani hapa pwani (sitataja wapi, sababu ntaieleza), umepakwa rangi nyeusi sijui mara ngapi, ile ya kupakwa juu ya kutu bila kusugua, na watoto wameukalia mpaka mgongo unang'aa. Nilikua nishawaambia watu ni wa Wareno, maana huku kwetu kila chuma cha zamani ni cha Wareno. Jioni ya tatu nikaenda na mzee mmoja wa Mji wa Kale, alikua fundi bandarini enzi zake, akainama akapitisha kidole juu ya ile rangi taratibu akaniambia, "Mwanangu, huu si wa Wareno. Tia maji, kisha washa tochi yako ubavuni, usimulike kwa juu."

Nikamwaga maji ya chupa, nikailaza simu karibu kabisa na chuma, na hapo likajitokeza taji, chini yake herufi G na R zimeshikana, na tarakimu ya 3. Mfalme George wa 3 wa Uingereza. Yani ule mzinga haukutengenezwa kabla ya 1760, na Wareno mara ya mwisho kuishika Mombasa ilikua 1728, mwaka uliofuata wakafukuzwa. Nilirudi nyumbani nikawapigia mmoja mmoja wale niliokua nimewadanganya.

Tangu siku hiyo nikajua nnachotaka kukusanya. Mzinga wenyewe huwezi kuuchukua, na usijaribu, kwa Kenya kuna sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, vitu vya kale ukivigundua unatakiwa uripoti, si kuvifunga kamba na kupeleka uani kwako. Lakini maandishi yake, vipimo vyake, alama zake, hivyo hakuna anaekukataza kuviandika mradi umeomba ruhusa ya mwenye mahali. Pale Ngomeni, yani Fort Jesus, nilianzia ofisini kabla sijagusa kitu chochote.

Sasa kuhusu kusoma, ntaeleza ninavyofanya mimi. Mizinga ya chuma ya Waingereza mara nyingi ina namba tatu zimechongwa juu kuelekea kitako, watu wengi wanadhani ni tarehe au namba ya usajili, kumbe ni uzito. Ule wangu uliandikwa 21-1-14. Ile ya kwanza ni handredweti, kila moja ratili (yani pauni) 112, ya pili ni robo, kila moja ratili 28, ya tatu ni ratili zenyewe. Kwa hivyo 2,352 jumlisha 28 jumlisha 14, jumla ratili 2,394, kama kilo 1,086 hivi. Nilipiga hesabu hiyo kwenye simu pale pale nimechuchumaa, nikaurudia mara mbili, nikahisi kama chuma kimenitajia jina lake.

Tundu la mdomo usilipime pale kwenye ukingo kwa sababu pameliwa na kutu na utapata ukubwa wa uongo. Mimi natumia vijiti viwili bapa nimevifunga kwa raba, naviingiza ndani kama urefu wa mkono, navisukuma kila kimoja kiguse upande wake, navitoa vikiwa vimeshikana vile vile ndo naweka kwenye rula. Ukipata karibu milimita 93 huo ulikua wa tufe la ratili 6, milimita 107 ratili 9, 117 ratili 12, na 148 ni ratili 24, hiyo mikubwa. Ule wangu ulitoa 93 na uchafu kidogo. Alama nazinakili kwa karatasi nyembamba ya wachora ramani na kalamu ya nta, nashika karatasi kwa gundi ya karatasi ya wapaka rangi, nasugua polepole. Usichimbue kutu kwa patasi wala kwa brashi ya waya tafadhali, ukifanya hivyo unaondoa na herufi.

Peke yangu lakini nisingefika popote. Nilianza kubadilishana na watu, mmoja yuko Unguja, mmoja Dar, mwengine yuko Muscat, familia yake ilitoka Unguja na Kiswahili chake ni cha ndani kuliko changu. Wa Unguja ndie alienitumia picha za ile miwili ya shaba ya mbele ya Beit al-Ajaib (lile jumba la sultani pale Mji Mkongwe), ina nembo ya Ureno na juu yake maandishi ya Kiajemi, mimi sikuelewa inakuaje, wa Muscat akanieleza kwamba Waajemi waliwanyang'anya Wareno kisiwa cha Hormuz 1622 na mizinga ikabadilisha mwenyewe pamoja na maandishi. Mzinga mmoja unakua na mabwana wawili watatu kabla haujafika kulala kwenye baraza ya mtu. Hapo ndo nikaacha kuuliza "ni wa nani" nikawa nauliza "umepitia kwa nani".

Na ile inayonigusa zaidi ya yote ni miwili ya Ngomeni, wa Pegasus na wa Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 alfajiri meli ya Wajerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja iko kwenye matengenezo, ikaipiga mpaka ikazama. Mzinga wa Pegasus tundu lake ni inchi 4, milimita 101.6. Wa Königsberg ni milimita 105. Tofauti haifiki hata milimita 4, nyembamba kuliko kalamu ya risasi! Lakini wa Mjerumani ulikua unatupa mbali zaidi, na makombora ya Pegasus yakawa yanaanguka baharini bila kufika. Mwaka uliofuata, 11 Julai 1915, Königsberg nayo ikaishia kwenye delta ya Rufiji, Wajerumani wakaivua mizinga yake yote 10, ikapelekwa Dar kuwekewa magurudumu, ikavutwa bara. Ya Pegasus pia iliopolewa ikapandishwa kwenye magurudumu. Mwenzetu wa Dar ndie anaesisitiza kila mara tuandike kwamba waliovuta ni wapagazi wetu, na mimi (kila mzinga nauandikia kadi yake) kwenye kadi zangu za ile miwili nimeandika hivyo, mstari wa kwanza kabisa.

Sasa ile sababu nilosema. Miaka kadhaa nyuma nilipata mzinga mdogo, mita moja na nusu hivi, mbele ya nyumba iliyobomoka. Ule mshikio wa pembeni unaokalia gari la mzinga ulikua na herufi F, na F hiyo ni ya kiwanda cha Finspång kule Uswidi, walikua wanauzia mizinga mataifa mengi. Furaha ilinizidi. Nikatuma picha kila mahali, na jina la mtaa, na njia ya kufika. Wiki tatu baadae nikarudi na karatasi zaidi nikakuta udongo umekwaruzwa mpaka barabarani. Jirani akasema walikuja vijana na pikapu wakasema wametumwa. Nikaripoti, nikazunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu siku nne, hola.

Baada ya hapo tukakubaliana sote wanne. Vipimo, alama, uzito, maana ya herufi, hivyo tunagawa kwa yeyote anaeuliza hata kama ni mtoto wa shule, bila kubania. Mahali mzinga ulipo tunaandika kwenye daftari la pili, na nakala inaenda makumbusho tu. Picha tunapiga karibu, bila ukuta wala mti wala duka nyuma, na lokesheni ya kamera inazimwa kabla hujatoka nyumbani. Wapo wanaotuona wachoyo kwa hilo, nawaelewa, nilikua kama wao.

Sa hii nina kadi 61. Ule mdogo wa F ni kadi namba 17, nilikua nimeusugua upande mmoja tu, wa kulia, karatasi imekunjika pembeni na ina alama ya dole gumba langu la nta. Nakala niliipeleka makumbusho. Upande wa kushoto nimeuacha mtupu.