Kambi ya macho haiishi siku ya kupima: nilivyoisimamia kwa klabu yetu Moshi

Kwenye daftari la kambi ya macho ya mwaka juzi kuna majina 43 niliyoyaandika kwa mkono wangu, yote ya watu waliokutwa na mtoto wa jicho. Mbele ya kila jina niliacha nafasi ya kuweka alama ya vema mtu akishafanyiwa upasuaji. Alama zilizowekwa ni 14. Nafasi 29 zilibaki wazi, na ndizo zilizonifanya niombe kusimamia kambi kwa mara ya pili.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule Moshi mjini. Nilipofika miaka 44 nilianza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nikawa namwita binti wa dukani anitungie, kisha nikaanza kukosea mishono ya kola, nikajua kazi inaniponyoka. Klabu moja ya Lions, ya watu wanaojitolea kusaidia jamii, ilikuwa inapima macho bure karibu na soko. Nikapanga foleni, nikapewa miwani ya kusomea ya +1.50, na kesho yake nikakaa kwenye cherehani yangu kama zamani. Mwaka huohuo nikaomba kujiunga nao.

Kazi ya macho kwa klabu hizi ni ya urithi. Zilianzia Chicago mwaka 1917, mwanzilishi akiwa Melvin Jones, na mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, alisimama mbele ya mkutano wao Cedar Point, Ohio, akawaomba wawe watetezi wa vipofu. Tangu hapo macho yamekuwa miongoni mwa kazi zao kuu.

Kambi yetu ya mwaka juzi tuliifanya Aprili, masika yakiwa yamekolea. Mwaka wa klabu huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, kwa hiyo kila rais hupenda kukamilisha kazi kubwa kabla hajakabidhi. Watu walijaa uwanja wa shule mpaka barabarani. Daktari na wauguzi walipima kutwa nzima, tukagawa miwani, na waliokutwa na mtoto wa jicho wakapewa karatasi ya rufaa na tarehe ya kufika hospitali. Jioni tulipiga picha chini ya bango, tukarudi nyumbani tumechoka na tumefurahi. Julai uongozi ukabadilika, mradi mpya ukawa madawati, na daftari likabaki kwenye kabati langu la dukani.

Nililifungua tena Januari mwaka jana, pilikapilika za sare za kufungua shule zilipotulia. Nilianza kupiga simu. Nyingi hazikupatikana, maana wazee wengi walikuwa wameandikisha namba za wajukuu au majirani. Nikaamua kwenda mwenyewe, kila Jumapili mchana, kwa bodaboda: Uru, Kibosho, kisha tambarare, Chekereni na Kahe.

Watatu kati ya wale 29 nilikuta wameshafariki. Nyumba ya kwanza kati ya hizo tatu ilikuwa Kibosho. Mkwe wa marehemu alinionyesha karatasi yetu ya rufaa, imekunjwa vizuri ndani ya Biblia. Mama yule aliishi miezi 8 baada ya sisi kumpima, na miezi yote hiyo alitembea akishika ukuta kwenda chooni, wakati tiba yake ni upasuaji mfupi usiohitaji hata kulazwa usingizi. Siku ile sikuendelea na nyumba nyingine. Nilirudi mjini.

Wale walio hai walinifundisha mambo ambayo hatukuwahi kuyauliza pale uwanjani. Bibi mmoja wa Uru nilimkuta kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, amekaa kwenye kigoda chini ya migomba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni nani? Sikuoni."

Nikajitambulisha, nikamuuliza kwa nini hakufika hospitali. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli madaktari wanang'oa jicho, wanaliweka kwenye sahani, wanalisafisha ndipo wanalirudisha. Alikuwa amelala na hofu hiyo karibu mwaka mzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemweleza kinachofanyika. Nikamweleza kwamba jicho haliondoki mahali pake. Ndani yake kuna lenzi, kitu kidogo kama kioo, ambayo uzeeni huingia ukungu. Daktari anatia ganzi, anapasua sehemu ndogo sana, anatoa ile lenzi iliyochafuka na kuweka nyingine ya kutengenezwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la pili: "Na ng'ombe wangu nani atamkatia majani?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Ng'ombe wa uchaggani anafugwa bandani, haendi malishoni. Mtu akilala hospitali usiku mmoja, lazima mwingine alete majani. Na juu ya yote bibi hakuwa na kauli ya mwisho kuhusu jicho lake mwenyewe. Kauli ilikuwa kwa mwanawe mkubwa aliye Dar es Salaam, ambaye alishasema asubiri aje Desemba, kama wanavyorudi wote waishio mijini, ndipo waamue.

Tambarare kulikuwa na hadithi nyingine. Kule wengi walishaamua, ila hawakuwa na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, au tarehe tuliyowapa iliangukia siku za kuvuna mpunga. Kuna waliokuwa wameambiwa na majirani kwamba mtoto wa jicho lazima "aive" kwanza ndipo atolewe, wakawa wanasubiri aive. Daktari wetu aliniambia kwamba hiyo ni habari ya zamani. Siku hizi mtu anafanyiwa pale ukungu unapomzuia shughuli zake, na kumsubirisha mpaka awe kipofu kabisa ni kumtesa, tena upasuaji wenyewe unakuwa mgumu zaidi.

Niliandika haya yote nikayapeleka kwenye kikao cha klabu. Niliomba mambo mawili. Kwanza, nipewe kambi kwa miaka miwili mfululizo, rais awe nani asiwe nani, ili anayepima ndiye afuatilie. Pili, fedha za fulana na bango ziwe za mafuta ya gari. Hili la pili lilibishaniwa sana, na wenzangu walikuwa na hoja: fulana hutangaza klabu, na klabu isiyojulikana haichangiwi. Mwishowe tulikubaliana kubaki na bango la zamani. Nyongeza tuliitafuta wakati wa Kilimanjaro Marathon, wakimbiaji na wageni walipofurika mjini. Tuliuza mtori na machalari, vyakula vyetu vya ndizi, tangu alfajiri, na mama mmoja wa klabu alilala kwa muda wa saa mbili tu usiku ule kwa kumenya ndizi.

Safari hii tulipanga kupima Septemba na upasuaji Oktoba, karibu na Siku ya Kuona Duniani, ambayo huwa Alhamisi ya pili ya mwezi huo. Barabara za mlimani zinakuwa kavu. Barua ya ruhusa ilikwenda kwa mganga mkuu wa wilaya, kisha kwa watendaji wa kata, lakini matangazo yaliyoleta watu yalikuwa ya kanisani baada ya ibada, ya msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na ya mabalozi wa nyumba kumi waliopita nyumba kwa nyumba.

Siku ya kupima tuliweka ubao wa herufi E mita 6 kutoka kwenye kiti. Mtu hahitaji kujua kusoma. Anaonyesha kwa vidole tu miguu ya E imeelekea wapi. Kwa waliofika kwa ajili ya miwani ya kusomea niliweka meza yangu pembeni, yenye sindano, uzi mweusi na ungo wa maharage. Mtu akijaribishwa miwani, simuulizi kama anaona vizuri, maana wazee wetu wana adabu, atakujibu "naona mwanangu" ili asikuudhi. Namwambia atunge uzi, au anichambulie mawe kwenye maharage. Ikishindikana, tunabadilisha miwani.

Mwaka juzi wagonjwa wawili walirudishwa kutoka mlango wa chumba cha upasuaji kwa sababu presha ilikuwa juu. Walifunga safari, wakajikaza na hofu yao yote, wakarudi nyumbani na jicho lilelile. Hawakuja tena. Kwa hiyo safari hii kila aliyeandikwa alipimwa presha na sukari kwenye zahanati ya karibu wiki tatu kabla. Waliokutwa juu walianzishiwa dawa na kuwekwa kwenye kundi la mwisho. Naona hili ndilo jambo dogo lililotuokolea watu wengi zaidi.

Nilipata pia msaidizi ambaye hakuna daktari angeweza kuziba nafasi yake. Ni mama wa Kibosho, mmoja wa wale 14. Nilikwenda naye nyumba kwa nyumba wiki zote za Agosti. Anakaa karibu na mgonjwa, anamshika mkono, anamwambia, "Mimi nilikuwa hivyohivyo. Nilisikia mikono yao, sikusikia maumivu. Njoo uguse, jicho si lipo?" Bibi wa Uru aliligusa kope lake kwa kidole kimoja, polepole, akavuta pumzi ndefu.

Kwa mwanawe wa Dar es Salaam tulipiga simu palepale, ikawekwa sauti ya juu mama yake asikie. Alikuwa mkali mwanzoni, aliogopa ni watu wa kudanganya wazee. Nikamwambia aulize kwa mtendaji, aulize kwa mchungaji wake. Baada ya siku mbili alipiga mwenyewe. "Dada, nimeuliza. Mama aende. Ila nani atakuwa naye?" Ng'ombe alipata mtu: kijana wa jirani, tukamlipa kwa siku mbili. Fedha hiyo niliiandika kwenye hesabu za klabu kama "majani ya ng'ombe", na mweka hazina aliipitisha bila swali.

Gari mbili aina ya Noah zilianza kuzunguka saa 11 alfajiri, zikamchukua kila mgonjwa mlangoni kwake na msindikizaji mmoja. Kwenye orodha tulikuwa na watu 38. Waliofanyiwa ni 33. Hao ni pamoja na 17 wa lile daftari la zamani.

Kati ya waliobaki yuko mzee ambaye namkumbuka zaidi ya wengine. Alivaa koti lake la ibada. Daktari alimpima tena hospitalini kabla ya upasuaji, akatuita pembeni mimi na binti yake. Alikuwa na mtoto wa jicho kweli, lakini nyuma yake presha ya jicho ilikuwa imeshaua mshipa wa kuona, macho yote mawili. Kilichopotea kwa ugonjwa huo hakirudi. Daktari alimweleza mwenyewe, kwa heshima, akiwa amepiga magoti mbele ya kiti chake. Mzee akauliza, "Kwa hiyo hata kidogo?" Daktari akasema hata kidogo. Kisha akamwomba ruhusa ya kuwapima watoto wake, kwa sababu ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo na ukiwahiwa unazuiwa kwa dawa. Binti yake alipimwa palepale. Akaanzishiwa dawa ya matone siku hiyohiyo. Tangu hapo, kila tunapopima, anayekutwa na presha ya jicho tunamwomba alete na ndugu zake wa tumbo moja.

Asubuhi ya kufungua bandeji nilifika mapema. Wamekaa kwenye benchi refu, kila mmoja na kitambaa jicho moja. Muuguzi alianzia kulia. Bibi wa Uru alikuwa wa nne. Alipofunguliwa alifumba jicho kwa sababu ya mwanga, akalifumbua, akatazama mikono yake yote miwili, juu na chini, kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. "Kumbe ndiyo wewe," akasema. Akashika ukingo wa gauni langu, akafuata mshono kwa kidole. "Umeshona mwenyewe? Umenyooka." Halafu akasema "Aika", yaani asante kwa Kichaga, na machozi yakamtoka, muuguzi akamkataza kufuta kwa kanga.

Matone yanawekwa kwa wiki kadhaa, na hapo nyumbani ndipo yanaposahaulika. Mjukuu wake wa darasa la 5 nilimchorea mistari ya chaki ukutani, kila siku akimaliza kumwekea bibi dawa anafuta mmoja. Nilipopita baada ya wiki moja mistari iliyofutwa ilikuwa sawasawa na siku zilizopita.

Mwezi Juni nakabidhi kambi kwa mwenzangu. Jicho la pili la bibi bado lina ukungu, na nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, pamoja na namba ya mwanawe na jina la kijana wa majani.