Sura za wakubwa kwenye bamba la shaba
Juzi nilipata nafasi ya kuitazama kwa kioo cha kukuzia picha ya askofu mmoja iliyochapwa kutoka bamba la shaba lililochongwa na Robert Nanteuil, fundi wa Ufaransa ambaye Mfalme Louis XIV alimteua kuwa mchoraji wake mwaka 1658. Kwa mbali shavu lilionekana laini, lakini chini ya kioo halikuwa na kitu ila vistari vifupi na vitone, ilhali kwenye joho mistari mirefu ilinenepa na kukonda kufuata mikunjo ya kitambaa. Unene huo hutokana na mkono: fundi husukuma kijichuma chenye ncha kali kwa kiganja, na akikandamiza zaidi mfereji hupanuka na kushika wino mwingi. Bamba hupakwa wino, likafutwa juu, kisha likapitishwa kwenye mashine pamoja na karatasi yenye unyevu. Kila kitu huchongwa kinyume, hata herufi za jina na vyeo, jambo ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote.

Wakubwa waligawiana nakala hizi, na mwanafunzi aliyetetea tasnifu yake aliweza kuitangaza kwa karatasi yenye sura ya mfadhili. Kujipendekeza kwa gharama kubwa, kusema kweli. Mafundi nao walipata heshima yao, kwa kuwa amri ya kifalme iliyotolewa Saint-Jean-de-Luz mwaka 1660 iliitambua kazi yao kuwa sanaa huru, isiyobanwa na masharti ya vyama vya mafundi.