Mita imeripoti kabla yangu

Leo mchana upepo umeangusha tawi kwenye nyaya za mtaa wetu hapa Houston.

Taa zikazimika, zikawaka, zikazimika tena. Hiyo ni swichi ya juu ya nguzo: inakata, inajaribu kurudisha, ikikuta hitilafu bado ipo inakata kabisa.

Sehemu kubwa ya Texas, tangu 2002, unachagua nani akuuzie umeme. Nyaya za kila eneo lakini zina mwenyewe mmoja, na yeye ndiye unayempigia umeme ukikatika.

Nikashika simu. Kabla sijapiga, ujumbe ukaingia: tunajua umeme umekatika kwenu.

Mita imetuma taarifa kwa chaji ya mwisho iliyobaki ndani yake! Nimefurahi mno.

Jamani mlioko nyumbani, mita zenu zinaripoti zenyewe, au bado mnaulizana, "Kwenu upo?"