Siku ya sensa mbili

Tarehe 23 Agosti 2022 nchi nzima ilipumzika kwa ajili ya Sensa ya Watu na Makazi. Mimi pale Soweto, Mbeya, nilikuwa na sensa nyingine mezani: ya kamera ya Canon EOS 1100D, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga na kutoa picha, kioo chake cha juu kimeshatoka, inasubiri kukwanguliwa rangi.

Pikseli, yaani kila kidoa kidogo cha sensa kinachopokea mwanga, yenyewe haijui rangi, inahesabu mwanga tu. Rangi inaletwa na vichujio vidogo vilivyolazwa juu yake kwa mpangilio wa Bryce Bayer, mhandisi wa Kodak: nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kwa picha za harusi hakuna neno. Kwa mawingu ya haidrojeni angani, yanayong'aa kwa wekundu wa nanomita 656, katika kila pikseli nne ni moja tu inayoona vizuri. Kama shida yako ni picha nyeusi-nyeupe za mchana, usiguse bisibisi. Ondoa rangi kwenye kompyuta, ukalale.

Sehemu ya kutisha ilikwisha siku mbili kabla. Kwanza kapasita ya flashi, kihifadhi umeme cha taa ya kamera: hubaki na volti mia tatu hivi hata betri ikiwa nje. Niliikausha umeme kwa rezista ya kiloomu 10, wati 5, nikahakikisha kwa mita. Skrubu zenye springi zinazoshika sensa nilihesabu mizunguko ya kila moja na kuiandika, kwani zikirudi ovyo upande mmoja wa picha unakuwa na ukungu. Kioo nilikipeleka kwa fundi simu Mwanjelwa, mwenye bloa ya hewa moto.

"Kaka, ikiungua usije kunidai."

"Sikudai, mdogo wangu. Wewe pasha kingo tu, katikati usikae."

Gundi ilipolainika, wembe uliingia kwenye kona, kioo kikanyanyuka. Kandokando ya sensa kuna nyaya za dhahabu, nyembamba kuliko unywele. Ukikata mmoja, umeua sensa. Nilizifunika kwa gundi ya tyubu mbili, nikitumia ncha ya sindano, nikaiacha ikauke usiku kucha.

Agosti Mbeya ni upepo na vumbi. Nikamwagia sakafu maji, nikatundika shuka mbichi dirishani, nikaanza. Kifaa ni kijiti cha meno kilichochongwa bapa kama patasi, chuma hapana. Unakilaza, unasukuma kidogo kidogo kuelekea upande mmoja. Hutoka kwanza lensi ndogondogo zilizo juu ya kila pikseli, kisha rangi, kama utando wa ugali uliokauka kwenye sufuria. Sehemu iliyosafishwa hung'aa tofauti, mpaka unauona kwa macho. Karibu na nyaya niliacha ukingo wa milimita moja, usiguswe. Kila baada ya dakika chache napuliza kwa pampu ya mpira na kubadili kijiti.

Nilikuwa nimefika nusu mlango ulipogongwa.

"Shikamoo. Karani wa sensa."

Nikafungua. Nikahesabiwa, mmoja, nimelala hapa usiku wa kuamkia leo. Upepo ukaingia naye. Niliporudi mezani nikaendelea bila kupuliza kwanza, na ujinga huo ni wangu. Punje moja ya mchanga ilikuwa chini ya kijiti. Nikaisikia ikikwaruza kabla sijaiona. Rangi ni laini, mchanga siyo.

Kamera iliwaka. Picha ya JPEG ilikuwa ya zambarau, kwa kuwa kamera bado inaamini ina vichujio na inaongeza nguvu ya nyekundu na bluu. Unapiga RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, unaifungua kwa programu ya dcraw na amri ya -D, isichanganye pikseli.

Jumamosi, mwezi ukiwa gizani, niliipandisha Kawetere, barabara ya Chunya, nikailekeza M8, wingu la haidrojeni kwenye kundinyota la Mshale, na kichujio cha haidrojeni, kinachopitisha wekundu ule tu, mbele. Kila pikseli ilifanya kazi, ingawa faida haifiki mara nne: zile lensi ndogo ndizo zilizokuwa zikikusanya mwanga. Na pale katikati, mstari mweusi, alama ya ile punje ya mchanga.

Siku hizi kati ya picha na picha nasogeza darubini iliyobeba kamera pikseli kumi na tano hivi. Mstari unaangukia mahali pengine kila mara, na programu ikizipanga picha arobaini kwa nyota, inautupa.