Kufungua ubavu wa kompyuta si kuipoza

Katika ofisi ndogo, maduka ya steshenari na vyumba vya michezo ya kompyuta hapa Dar es Salaam, tiba ya kwanza ya kompyuta ya mezani inayochemka ni kuivua ubavu na kuielekezea feni ya chumba. Sikubaliani na tiba hiyo, ingawa naelewa inakotoka, kwa sababu mwezi wa Februari hewa ya chumbani yenyewe hufika nyuzi joto 32 na mtu huona heri kila kitu kiwe wazi.

Ikumbukwe kwanza kwamba feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuondoa hewa iliyokwisha kubeba joto na kuleta nyingine mahali pake, hivyo hakuna feni inayoweza kushusha joto la prosesa (chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta) chini ya lile la hewa inayoingia. Prosesa inayosoma nyuzi 65 katika chumba chenye kiyoyozi kilichowekwa 22, ikipewa kazi ileile katika chumba chenye nyuzi 32, itasoma takribani 75, kwa kuwa tofauti kati yake na hewa ya chumba hubaki karibu ileile. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100, na prosesa nyingi za Ryzen za mfululizo wa 7000 kutoka AMD zimewekewa kikomo cha 95. Mtu wa pwani huanza akiwa amekwisha kula sehemu ya nafasi hiyo, na ndiyo maana majaribio ya Ulaya yanayosifia kipozaji fulani huyasoma nikiongeza nyuzi kumi kichwani.

Kilichobaki mikononi mwetu, basi, ni njia ya hewa. Katika kesi za kawaida, yaani makasha ya kompyuta, hewa baridi huingia mbele na chini, hupita juu ya diski, kadi ya michoro na prosesa, kisha hutoka nyuma na juu. Feni moja iliyogeuzwa huvuruga mpango wote, na jambo hilo ni la kawaida kuliko linavyodhaniwa. Ukiitazama feni utaona upande mmoja uko wazi, na upande wa pili una mikono ya plastiki iliyoshika mota: hewa hutokea upande wa mikono. Asiyeamini macho yake na ashike kipande cha tishu karibu na wavu, aone kama kinavutwa au kinasukumwa.

Ubaya wa kuvua ubavu huonekana wazi zaidi katika kompyuta za ofisi zilizotumika, zile tunazouziwa Kariakoo zikitoka nje ya nchi. Nyingi zina kifuniko cheusi cha plastiki kinachounganisha feni na hitisinki ya prosesa, yaani kipande cha chuma chenye mapezi kinachoondoa joto lake, ili hewa yote inayovutwa ilazimike kupita katikati ya mapezi ya chuma. Fundi mwenye haraka hukiondoa ili kufikia nafasi za memori, hukiweka kando, na mara nyingi hakirudi. Kuanzia hapo feni huvuma kwa nguvu zaidi huku sehemu kubwa ya hewa ikipita pembeni ya hitisinki. Kompyuta hiyo hupoa ikiwa imefungwa, na kwa kweli ndivyo ilivyobuniwa.

Kadi ya michoro huleta hesabu nyingine. Kadi inayotumia wati 200 hugeuza karibu umeme wote huo kuwa joto, na zile zenye feni mbili au tatu hulimwaga joto hilo humohumo ndani ya kesi. Ukiipachika katika kesi yenye uso wa kioo kizima mbele, feni za mbele hubaki zikivuta hewa kupitia upenyo mwembamba wa pembeni. Mimi huchagua wavu kuliko kioo, hata kama kioo kinapendeza dukani.

Kuhusu vumbi, ni bora hewa inayoingizwa iwe nyingi kidogo kuliko inayotolewa. Hapo kesi husukuma hewa nje kupitia kila upenyo, na vumbi hulazimika kupita kwenye vichujio ambavyo unaweza kuviosha na kuvikausha. Unapopuliza vumbi kwa bloa, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo.

Usikimbilie kuongeza kasi. Ukizidisha mizunguko ya feni mara mbili unapata hewa mara mbili, lakini feni hudai nguvu mara nane, na kelele hupanda kwa desibeli 15 hivi. Feni mbili za milimita 140 zinazozunguka polepole hufanya kazi hiyo bila kumkera mtu.

Hata hivyo, kuvua ubavu kuna faida moja: ni kipimo kizuri. Ipe kompyuta kazi nzito, andika joto lake likishatulia, kisha vua ubavu na urudie. Likishuka kwa nyuzi nane au kumi, kesi imekosa pumzi, na dawa yake ni feni, wavu au mpangilio wa nyaya. Likishuka kwa nyuzi moja au mbili tu, iache kesi. Ng'oa hitisinki, futa kwa spiriti pesti iliyokauka, ile inayopitisha joto kati yake na prosesa, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati ya prosesa, na ukaze skrubu kwa kupishana pembe hadi zishike sawasawa.